Matoleo Mawili na Jumatano Isiyo na Watoto

Jumapili, saa tisa alasiri, Mukendo, Musoma.

Joto limekaa juu ya bati tangu asubuhi na upepo wa ziwani umegoma kabisa. Nimefungua mlango wa mbele na wa nyuma, hakuna kilichobadilika. Nina hasira. Naandika hivyo mapema nisije nikajidanganya katikati ya ukurasa kwamba nimekaa hapa kutafakari. Nimekasirika tangu Jumatano saa nane mchana, na leo ni Jumapili.

Wengi mnaopita hapa mnanijua kwa habari za duka langu la stationeri na ugomvi wangu na mashine ya fotokopi. Upande huu mwingine nimeugusia mara chache, kwa hiyo nieleze.

Mimi na mwalimu mmoja wa Bunda anayeitwa Mafuru tunatengeneza programu ya kompyuta kwa kujitolea. Ni programu huria, yaani msimbo wake, yale maandishi yanayoiendesha, uko wazi mtandaoni na mtu yeyote anaweza kuusoma, kuuchukua na kuurekebisha. Kazi yake ni ndogo. Nesi wa zahanati anaandika jina la mtoto, namba ya simu ya mama, na kilichofanyika leo kliniki. Kila Jumatatu asubuhi mama anapata meseji inayomwambia kliniki ya mtoto wake inayofuata ni lini. Basi, hakuna zaidi.

Zahanati inayoitumia kila wiki ni moja tu, iko kijijini huko Butiama, na nesi wake ni mama mmoja wa makamo, Nesi Wegesa. Kila tunachokijua kuhusu kliniki ya watoto alitufundisha yeye. Alitufundisha kwamba chanjo ya surua inachomwa mtoto akifikisha miezi tisa. Alitufundisha kwamba kichupa cha chanjo kikishafunguliwa hakilali. Alitufundisha pia kwamba mama akija akakuta mambo hayaeleweki, safari nyingine humwoni upesi.

Programu ilipoanza kuchoka, Mafuru alitaka tuiandike upya kutoka chini. Mimi nilikataa. Nilisema zahanati haiwezi kukaa ikitusubiri sisi tubomoe na kujenga. Tulibishana wiki mbili, mwishowe tukakubaliana kuwa na matoleo mawili yanayokwenda sambamba. Toleo la kazi, lile analotumia Nesi Wegesa, liko mikononi mwangu, na linapokea marekebisho ya makosa tu. Toleo jipya liko kwa Mafuru, na huko anaweza kufanya anachotaka. Kosa likirekebishwa kwangu linapelekwa na kwake. Kitu kizuri kikizaliwa kwake, hakiji kwangu mpaka wote wawili tumekisoma na kukijaribu.

Tuliiandika sheria hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa mradi, kwa Kiswahili cha kawaida, ili asije mtu akasema hakuelewa.

Jumatano saa nane mchana nilikuwa namkatia mteja kadi za harusi ya ndugu yake. Simu ikaita. Nesi Wegesa.

"Nyabwire, umewaambia nini watu wangu?"

Sikuelewa. Nikamwuliza kuna nini.

"Nimekaa tangu asubuhi. Leo ni kliniki. Benchi liko tupu. Amekuja mama mmoja tu, yule hana simu, anafuataga kadi. Nimefungua kichupa kwa ajili ya mtoto mmoja, dawa iliyobaki nimeimwaga. Nimempigia mama wa pili nimwulize mbona hajaja, ananiambia meseji imesema aje baada ya mwezi."

Nikasema nitaangalia sasa hivi. Akasema kitu ambacho kimekaa kifuani mwangu hadi leo.

"Usiangalie haraka. Mimi nimeshaizima."

Mteja wangu alinitazama nilivyosimama na mkasi mkononi. Nilimwomba arudi siku nyingine. Nikafunga duka mchana wa Jumatano, kitu ambacho sijawahi kukifanya.

Programu kama yetu ina kumbukumbu ya kila badiliko: nani amebadilisha, lini, mstari gani. Sikuhitaji kutafuta sana. Jumamosi iliyotangulia, asubuhi, kuna badiliko limeingia kwenye toleo la kazi. Halikupita kwangu. Jina lililoandikwa ni la Mafuru.

Hapa lazima nieleze kosa lenyewe, na halihitaji utaalamu kulielewa. Toleo la kazi linahifadhi tarehe ya kliniki iliyopita, kisha linaongeza wiki nne ili kumwambia mama arudi lini. Toleo jipya la Mafuru linahifadhi tarehe ya kliniki ijayo moja kwa moja. Njia zote mbili ni sawa, kila moja nyumbani kwake. Mafuru alichukua sehemu yake ya kuhifadhi tarehe akaipachika kwenye toleo la kazi, nayo ikageuza tarehe zote zilizokuwemo, na sehemu ya kutuma meseji ikabaki ile ya zamani. Basi ile ya zamani ikapokea tarehe ya kliniki ijayo, ikadhani ni ya kliniki iliyopita, ikaongeza wiki nne juu yake. Jumatatu saa moja asubuhi ikawatumia akina mama wote.

Nikampigia. Hakupokea. Nikampigia tena. Akatuma meseji: "Nipo darasani."

Yupo darasani! Nilicheka peke yangu kwa sauti. Mtu amevuruga kliniki ya watoto, na yuko darasani anafundisha watoto wengine mambo ya kompyuta.

Kurudisha toleo la kazi lilivyokuwa kabla ya Jumamosi kulinichukua dakika chache. Lakini meseji hairudishwi. Imeshasomwa, mama ameshapanga mambo yake, ameshaondoka.

Nikaandika kwenye grupu la mradi kilichotokea. Tuna watu wengi humo, kutoka mikoa mbalimbali, waliojiunga kwa sababu waliipenda habari. Wakajibu kwa "pole" na vile vikaragosi vya kulia. Mmoja, ambaye tangu aingie hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, alituandikia aya tatu kuhusu jinsi timu makini zinavyofanya majaribio kabla ya kutoa toleo. Nilimjibu vibaya. Kisha nikafuta jibu. Leo najuta kulifuta.

Alhamisi nilikwenda Butiama. Nilimkuta Nesi Wegesa kwenye meza yake, kompyuta imefunikwa kwa kanga iliyokunjwa mara mbili, kama vile redio ya zamani. Hakunikaribisha chai, na kawaida hunikaribisha kabla sijakaa. Alifungua rejista ya karatasi, ile ambayo hakuiachaga hata tulipomwambia haihitaji tena, akaweka kidole kwenye jina la kwanza.

"Hawa ndio walitakiwa jana. Kumi na wanane. Wewe piga, mimi nitaongea."

Tulifanya hivyo. Mimi napiga, nampa simu, yeye anaongea. Wengine aliongea nao Kizanaki, sikuelewa maneno, lakini sauti niliielewa. Alikuwa anaomba radhi. Mwanamke aliyekaa kwenye zahanati ile miaka na miaka, anayejulikana na kila nyumba, anaomba radhi kwa kosa la watu wawili wenye laptopu. Na hakuwaambia kwamba kosa si lake. Nilimwuliza mbona hawaambii ukweli.

"Ukweli gani? Meseji ilikuja na jina la zahanati," akasema. "Wao hawakujui wewe. Wananijua mimi."

Aliwaita waje Ijumaa, kliniki ya ziada. Kufikia saa tisa tulikuwa tumewapata kumi na saba, na kesho yake wote walikuja. Yule aliyebaki ni binti anayeitwa Pendo, na mtoto wake Magesa ndiyo kwanza amefikisha miezi tisa. Simu yake ilikuwa imezimwa. Jirani yake akatuambia Pendo amekwenda kwa mama yake Bugwema kusaidia kuanika muhogo. Alipoona meseji kwamba kliniki ni mwezi ujao, akaona ana nafasi, akafunga mzigo.

"Bugwema ni huko kwenu Musoma," Nesi Wegesa akaniambia, akafunga rejista.

Nilimwelewa.

Ijumaa asubuhi nilichukua bodaboda mpaka Bugwema. Barabara ni vumbi, na dereva alikuwa mtu wa kuimba, nikamwacha aimbe. Nilimkuta Pendo nyuma ya nyumba ya mama yake, anageuza muhogo uliotandazwa kwenye jiwe kubwa, mtoto mgongoni. Mtoto mwenye mashavu. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mgonjwa, sijui kwa nini. Alikuwa mzima, amelala, mdomo wazi.

Nikajitambulisha. Nikamweleza kwamba meseji ilikosea, kwamba mtoto alitakiwa Jumatano, kwamba anaweza kumpeleka zahanati yoyote iliyo karibu na kadi yake.

Nilipomaliza akaniuliza, "Kwa hiyo dada, wewe ndiye unatumaga zile meseji?"

"Ni mashine inatuma. Lakini mimi ndiye naisimamia."

"Kadi yangu ilisema Jumatano. Niliisoma. Nikaona meseji inasema vingine, nikasema basi hawa wa kwenye simu ndio wanajua zaidi." Akageuza kipande cha muhogo, akakipangusa. "Mama yangu aliniambia fuata kadi. Nilimbishia."

Nikamwomba radhi.

"Hapa kliniki ni Jumanne," akasema. "Nitampeleka Jumanne. Lakini namba yangu uifute. Sitaki tena."

Nikasema sawa. Nikaifuta palepale nikiwa nimesimama kwenye jua, kwa simu, yeye akiangalia kioo mpaka jina lake lilipopotea. Alitaka kuhakikisha. Kisha akaniletea maji ya kunywa kwenye kikombe cha plastiki, na huo wema wake uliniumiza kuliko kama angenitukana.

Nilirudi Musoma na hasira iliyokuwa na sura moja tu. Sura ya Mafuru. Usiku ule nililala nikipanga maneno, na asubuhi nilikuwa nayo yote, yamepangwa kwa mpangilio.

Jumamosi nikaenda Bunda.

Mafuru anaishi Nyasura, nyumba mbili kutoka barabarani. Nilimkuta uani anaosha pikipiki yake. Aliponiona akafunga bomba. Hakushangaa.

"Karibu, dada Nyabwire."

"Sijaja kukaa, Mwalimu."

Nikayamwaga yote. Benchi, kichupa kilichomwagwa, Nesi akiomba radhi kwa watu ambao hakuwakosea, muhogo, Pendo, namba niliyoifuta. Nikamwambia kwamba ule ufunguo wa toleo la kazi, ile nywila ya kuingiza mabadiliko, nilimpa kwa ajili ya dharura tu, siku ambayo mimi nimeugua au mtandao umekata, na yeye ameutumia kama ufunguo wa choo cha shule, kila mtu anaingia. Nikamwambia sheria tuliiandika wote wawili. Nikamwambia anajiona fundi lakini hajawahi kukanyaga zahanati ile zaidi ya mara moja, na hiyo mara moja alikwenda kupiga picha.

Alisimama na kitambaa kinachochuruzika maji. Nilipofika mwisho akasema, "Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Wiki saba," akasema. "Wiki saba nimekutumia lile badiliko ulisome. Nesi alikuwa analalamika kwamba ikifika siku ya sikukuu programu inawaita watu zahanati imefungwa. Alikulalamikia wewe, akanilalamikia na mimi. Nikaitengeneza kwenye toleo jipya. Nikakuomba uisome tuilete kwenye toleo la kazi. Kimya. Nikakukumbusha. Kimya. Wewe ukishika kitu hakitoki. Umegeuka geti, dada."

"Geti ndilo linazuia upumbavu kama huu!"

"Geti lisilofunguliwa watu wanaruka ukuta."

"Kwa hiyo umeruka."

"Nimeruka, ndiyo. Nimekosea, sikatai. Lakini sikuruka bila kuuliza."

Akaingia ndani akarudi na simu yake, akanionyesha. Ijumaa jioni, siku moja kabla ya lile badiliko, aliniandikia: "Kwenye toleo jipya tarehe inayohifadhiwa ni ya kliniki ijayo. Toleo la kazi linaisoma hivyohivyo? Nataka kuleta ile ya sikukuu kesho."

Chini yake jibu langu. "Ndiyo iko poa."

Niliitazama muda mrefu. Nilijua ni mimi kwa sababu ninaandikaga hivyo, bila alama yoyote. Sikumbuki kuisoma ile meseji. Nakumbuka siku yenyewe: watu wa kamati ya harusi walikuwa dukani, wanataka kadi zote kabla ya jua kuzama, mashine inakwama. Nadhani niliona jina lake, nikaona neno sikukuu, nikasema moyoni huyu naye na sikukuu zake, nikamjibu ili anyamaze.

Hilo ndilo nililofanya. Nilimjibu mtu ili anyamaze.

Ningependa kuandika hapa kwamba hasira iliniisha. Haikuisha, iliongezeka, kwa sababu sasa haikuwa na pa kukaa. Nilimwambia Mafuru kwamba hata kama nilisema ndiyo, sheria ilisema tujaribu wote wawili, na yeye hakujaribu kwenye toleo la kazi hata mara moja. Akakubali kwamba hakujaribu. Nikasema angeweza kunipigia. Akasema nisingepokea. Nikasema hilo hajui. Akasema anajua. Mke wake akatoka na sahani ya sato na ugali, akaona nyuso zetu, akaiweka juu ya ndoo iliyofunikwa, akarudi ndani. Hakuna aliyekula.

Nikamwuliza anataka nini.

"Nataka tuache matoleo mawili," akasema. "Toleo jipya liko karibu tayari. Tumpe Nesi hilo, tuzike lile la zamani. Matatizo yote haya yanatoka kwenye kubeba vitu kutoka huku kwenda kule."

"Nesi ameizima. Hataki toleo lolote. Lako wala langu."

Alikuwa hajui. Nilimwona akipokea ile habari. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, kitambaa bado mkononi, maji yakimlowanisha suruali. Huyu mtu ameweka karibu kila jioni yake kwenye toleo jipya, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano sikumwona kama jina kwenye kumbukumbu ya mabadiliko.

Lakini sikumhurumia. Niseme ukweli. Nilifurahi kidogo kwamba na yeye ameumia.

Niliondoka bila kuaga vizuri.

Leo asubuhi nilikwenda misa, nikarudi, nikafungua laptopu kabla sijabadilisha nguo. Niliandika kwenye grupu la mradi taarifa kamili. Nilianza na jibu langu la "iko poa", nikaweka na jina langu, kisha ndipo nikaandika kuhusu badiliko la Jumamosi. Kuandika mistari ile kulinichukua muda mrefu kuliko kazi yoyote ya msimbo. Mara tatu niliweka mbele sentensi ya kosa la Mafuru kisha nikairudisha nyuma ya yangu.

Halafu nikatengeneza marekebisho. Akina mama waliopata meseji ya uongo Jumatatu bado wanayo kwenye simu zao, na wale wa Jumatano zijazo nao walipewa tarehe mbaya. Lazima wapate meseji ya kweli. Nikaandika kipande cha msimbo cha kutuma meseji ya kusahihisha, na maneno yake nikayapima herufi kwa herufi: kwamba meseji ya Jumatatu ilikosewa na watengenezaji wa programu, si zahanati, kwamba tarehe sahihi ni hii, kwamba tunaomba radhi. Nesi Wegesa angeturuhusu kuiwasha programu kwa siku moja tu, ingetoka.

Kwa kawaida ningekiingiza mwenyewe kwenye toleo la kazi. Liko mikononi mwangu, nani wa kuniuliza? Nimekuwa nikifanya hivyo siku zote. Sheria ya kusoma wote wawili nimeifuata kwa vitu vya Mafuru tu. Vitu vyangu vimepita getini kama mwenye nyumba.

Nikamtumia asome. Sikuweka salamu.

Baada ya nusu saa akajibu. Na yeye hakuweka salamu.

"Zahanati ilizima programu Jumatano. Watoto waliokuja kliniki ya ziada Ijumaa wameandikwa kwenye rejista ya karatasi tu. Programu inajua bado hawajaja. Ukituma hii, utawaita tena watoto ambao wameshachomwa."

Nilisoma. Nikasoma tena. Nikaenda jikoni, nikarudi.

Ni kweli. Kila neno ni kweli. Ningewaita tena watoto kumi na saba, siku chache baada ya Nesi kuwapigia simu mmoja mmoja. Meseji ya pili ya uongo, na safari hii ikiwa na radhi zangu ndani yake.

Nilikasirika dakika kumi nzima. Nilikasirika kwamba amelipata, kwamba amelipata haraka hivyo, na kwamba hakuongeza hata neno moja la kunikejeli ambalo ningelishikilia. Kisha nikamwandikia: "Uko sahihi. Asante." Maneno hayo mawili ya mwanzo yalinitoka kwa shida kama jino.

Hakuna njia nyingine ila kuingiza kwanza yaliyo kwenye rejista. Nikampigia Nesi Wegesa. Alikuwa ametoka ibadani, nilisikia watu wakisalimiana nyuma yake. Nikamweleza yote, pamoja na jibu langu la kijinga, pamoja na kosa ambalo Mafuru amelipata leo. Nikamwomba, kama hatajali, anisomee majina ya watoto wa Ijumaa kwenye simu nami niyaingize.

"Sisomi majina ya watoto wa watu kwenye simu," akasema.

"Samahani, Nesi."

"Njooni. Jumatatu nina wajawazito, njooni Jumanne. Rejista iko hapa. Mtaandika mbele yangu, jina kwa jina, na mimi nitaangalia."

"Nitakuja, Nesi."

"Nimesema njooni. Wewe na yule mwenzako. Mmoja peke yake simfungulii mlango."

Nikamwuliza kama akiona tumefanya vizuri ataiwasha tena. Alicheka, kicheko kifupi, cha kwanza kukisikia kutoka kwake wiki hii.

"Hilo tutaongea nikishaona mnavyokaa meza moja."

Nimemwandikia Mafuru: Jumanne, saa tatu asubuhi, Butiama, zahanati. Amejibu kwamba ataomba ruhusa shuleni.

Kuhusu matoleo mawili au toleo moja hatujaamua. Mimi bado naamini toleo la kazi haliwezi kuachwa kirahisi, na yeye bado anaamini linatuua. Nadhani tutabishana tena, na sasa kila mmoja ana ushahidi wake mkononi. Nimeandika hata hivyo mstari mmoja mpya kwenye ukurasa wa kwanza wa mradi: hakuna anayeingiza kitu chake mwenyewe kwenye toleo la kazi, hata msimamizi. Nimemwachia Mafuru auhakiki kabla haujaingia. Ameurekebisha neno moja. Lilikuwa limekosewa kweli.

Wingu limeanza kujikusanya upande wa ziwa. Labda mvua itanyesha, labda itaishia huko huko.

Bado nina hasira naye. Nadhani na yeye bado anayo na mimi. Jumanne tutakaa mbele ya Nesi Wegesa, mmoja akisoma jina, mwingine akiandika, na kati yetu kutakuwa na majina kumi na saba ya watoto. Sijui nani atakuwa wa kwanza kumsalimia mwenzake.

Sitakuwa mimi.

Labda nitakuwa mimi.